Gunung Agung na Watu wa Karangasem: Majibu kwa Maswali Yenu

Wiki iliyopita nilitaja kwa kifupi Gunung Agung, volkano yenye urefu wa zaidi ya meta 3,000 wilayani Karangasem, mashariki mwa kisiwa cha Bali, Indonesia. Wabali, ambao wengi ni Wahindu, wanauheshimu kama makao ya miungu. Maswali yamemiminika, najibu haya.

Nasikia mwaka 1963 lava ilikwepa hekalu la Besakih. Kweli, au watu wametia chumvi?

Chumvi imo. Hekalu lilisalimika, lakini lava yenyewe ilishuka upande wa kaskazini, polepole, kama kilometa 7, na Besakih iko kusini-magharibi. Vilivyoua ni vitu viwili vingine: mawingu ya gesi na majivu ya moto yaliyoporomoka kwa kasi isiyokimbilika, na mafuriko ya tope mvua ilipoyakuta majivu hayo mabondeni. Watu zaidi ya 1,000 walikufa.

Kinachowaumiza vichwa wazee hadi leo ni wakati wenyewe. Besakih ilikuwa katika Eka Dasa Rudra, ibada ya kuutakasa ulimwengu, ambayo kwa desturi hufanywa mara moja kila miaka 100. Februari 18 mlima ukaanza kutapika, maandalizi yakaendelea. Machi 8 kilele cha ibada kikafanyika huku moshi ukionekana juu. Machi 17, mlipuko mkubwa. Walikuwapo makuhani waliodai kwamba tarehe ilikosewa, na baada ya maafa nani angewabishia? Ibada ikarudiwa mwaka 1979, Rais Suharto akihudhuria, na safari hiyo mlima ukanyamaza. Tazama walichobishania: kalenda. Utakatifu wa mlima hakuugusa mtu.

Mimi ni wa Goma, volkano naijua. Hao kwa nini hawahami?

Ndugu yangu, swali hilo hata ninyi mnaulizwa kila Nyiragongo inapofuka. Majivu yaliyoharibu mashamba ndiyo baadaye yanayonenepesha udongo. Sibetan, kijiji cha mitelemko hiyo, kinaishi kwa salaki, tunda lenye ganda la magamba kama ngozi ya nyoka. Kwenye mikondo ya tope la zamani malori hupakia mchanga mweusi wa kujengea. Septemba 2017 tahadhari ilipopandishwa hadi ngazi ya juu kabisa, watu zaidi ya 100,000 walihama, lakini wengine walikuwa wakirudi mchana kulisha ng'ombe. Mlima ulifuka Novemba, uwanja wa ndege wa Bali ukafungwa kwa siku kadhaa, na vijiji havikuzikwa.

Je, mlima unaathiri hata ujenzi wa nyumba?

Sana. Madhabahu ya ukoo hukaa pembe ya upande wa mlimani, na zizi la nguruwe upande wa baharini. Hata kulala, kichwa hakielekezwi baharini.

Kuna meli iliyozama Tulamben ambayo wapiga mbizi wanaisifu. Inahusianaje na volkano?

Hiyo ni Liberty, meli ya mizigo ya jeshi la Marekani. Nyambizi ya Japani iliipiga kombora Januari 1942, ikakokotwa hadi ufukweni Tulamben, kijiji cha pwani chini ya mlima huu, ikakaa hapo nchi kavu miaka 21. Mitikisiko ya 1963 ikaisukuma majini. Leo imefunikwa na matumbawe, hatua chache kutoka ufukwe wa mawe meusi, na kijiji kizima kinakula kupitia chuma hicho.

Naweza kuupanda?

Unaweza, kwanza ukiulizia kiwango cha tahadhari. Chukua mwongozaji wa hapohapo. Wengi huanza usiku ili kukuta macheo kileleni. Besakih ikiwa na sherehe kubwa, njia hufungwa. Na kwenye mfuko wa chakula usiweke nyama ya ng'ombe: mwongozaji atakurudisha getini.