Rudi ule karanga zako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Arua. Umeniuliza uache kula nini ili kipandauso kikuachie, na kumbe umeshajinyima karanga, chokoleti, hata mayai. Rudi ule, mwanangu.

Wapo wanaochokozwa na chakula fulani, lakini mimi niliyeishi na maradhi haya tangu hujazaliwa naona kichwa chetu kinachukia kuvurugiwa ratiba. Ulale usiku wa manane Ijumaa, Jumamosi uamke adhuhuri, chai hukunywa, upande boda kwenye jua kali, na hedhi nayo imekaribia: hapo lazima kije. Moja tu kati ya hayo pengine ungelistahimili. Na ile hamu ya kitu kitamu mara nyingi ni kipandauso chenyewe kimeshaanza, sawa na kupiga miayo na kukaza shingo. Maumivu yanafuata baadaye, nasi tunailaumu chokoleti.

Kwa hiyo shika saa zako za kulala, kuamka na kula, hata siku za mapumziko. Kila kikija, andika kwenye daftari ulilalaje, ulikula saa ngapi, hedhi ni lini. Ramadhani usiache daku, na kahawa uanze kuipunguza kidogo kidogo mapema, maana kuikata ghafla kunaumiza kichwa. Ukizidiwa, fungua, mgonjwa ana ruhusa, utalipa baadaye.

Linalonikosesha usingizi ni hivyo vidonge vya maumivu unavyomeza karibu kila siku. Vikifika siku 15 kwa mwezi, vyenyewe vinaweza kuzalisha maumivu ya kichwa. Meza mapema maumivu yanapoanza, dozi kamili, na isizidi siku mbili kwa wiki. Visipotosha, mwone daktari akupe dawa ya kinga. Mwambie ulikuwa na pumu utotoni, kwa sababu propranolol, ambayo wengi huandikiwa, haimfai mwenye pumu. Mwambie pia kuhusu vile vimulimuli unavyoviona kabla ya kichwa kuanza: mwenye navyo hashauriwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vinaongeza hatari ya kiharusi.

Ukipata homa, usinunue dawa ya malaria kwa kukisia, kapime kwanza. Na kichwa kikikupiga ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au mkono ukilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Nauli nitatuma.

Mama yako