Dada ametoweka miaka mingi: kaa na mama, andikeni alama zake

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna faida ya kurudi polisi ilhali dada yako ametoweka miaka tisa sasa. Ipo. Wangu huu ni mwaka wa 14 na bado hajaonekana, kwa hiyo nakueleza niliyopitia mwenyewe.

Tulipotoa taarifa, afisa wa zamu alisema mtu mzima ana haki ya kwenda atakako, tusubiri. Haki hiyo ni ya kweli, lakini haizuii jalada kufunguliwa. Tulipoteza wiki mbili. Miaka baadaye nikaomba kusoma maelezo ya dada jaladani: mwanamke, miaka 29, urefu wa wastani, maji ya kunde. Basi. Wanawake wangapi hao?

Nikakaa na mama jioni nzima na daftari. Alifumba macho, akawa kama anampapasa mwanawe: kovu la pasi juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, jino la mbele lililopandana na mwenzake, kidole cha mwisho cha mguu kisicho na ukucha. Nililala na dada kitanda kimoja miaka kumi, na hilo la ukucha sikulijua!

Usiyaone madogo. Mwaka 1992 mwili wa mwanamke uliopolewa mtoni Antwerp, Ubelgiji, ukakaa bila jina miaka 31. Mwaka 2023 INTERPOL, shirika la polisi la kimataifa, na polisi wa nchi tatu walipotangaza upya kesi za namna hiyo, ndugu zake Uingereza waliiona kwenye habari tatuu ya ua jeusi iliyokuwa mkononi mwake, wakamtambua.

Halafu toeni sampuli za DNA, yaani vinasaba, ninyi ndugu zake. Ni kusuguliwa pamba ndani ya shavu tu. Kuna aina ya DNA iitwayo ya mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama, nayo hudumu hata kwenye mifupa ya zamani, kwa hiyo hata wewe uliyezaliwa naye tumbo moja unafaa. Omba ilinganishwe na miili isiyotambuliwa, hata nje ya nchi: tangu 2021 INTERPOL ina mfumo wa I-Familia kwa kazi hiyo, na ombi hupitia polisi wa nchi yako. Mama alikataa mwanzoni, akasema ni kumzika mwanawe akiwa hai. Sikumlazimisha. Alikubali baada ya miezi minane.

Na kama dada aliwahi kutibiwa meno, fuatilia faili lake wiki hii, maana meno nayo hutambulisha mwili. Sisi tulipofika, mafaili yalikuwa yameshachomwa.