Mshikeni mgonjwa mkono: majibu ya maswali yenu kuhusu moyo unaopiga ovyo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za moyo usiopiga kwa mpango, ule ambao vyumba vyake vya juu vinatetema badala ya kubana. Nimechagua saba.

*Mama wa miaka 68, ana presha ya siku nyingi. Mashine ya presha inanisomea mapigo 96, nikirudia 71, mara ya tatu inakataa kabisa. Imeharibika? (Tabibu, Micheweni)*

Mashine ni nzima, moyo wa mama ndio wenye matatizo. Iweke pembeni. Mshike kifundo cha mkono, vidole vitatu chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima kwa saa. Robo dakika ukazidisha kwa nne hapa haifai. Moyo mzima unakwenda kama mtu anayetwanga peke yake. Huu unakwenda kama kinu cha watwangaji watatu wasiosikilizana: mawili ya haraka, kimya, moja zito, matatu mepesi, kimya tena. Kisha sikiliza kifuani uhesabu na huko, maana mapigo mengine hayafiki mkononi. Halafu apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachochorwa kwenye karatasi, kwani bila karatasi ile hujathibitisha kitu. Kama kituoni hamna, mpeleke hospitali na barua ya maandishi. Akiwa anahema, kifua kinambana au amezimia, aende saa hiyo hiyo.

Damu inayotuama kwenye vyumba vya juu vinavyotetema inaganda, bonge linachomoka, linapanda kichwani. Hatari ya kiharusi inakuwa kama mara 5 ya mtu mwingine. Nimeshapokea wagonjwa mdomo umeshakwenda upande, na vitabu vyao vya kliniki vimejaa presha za mwaka mzima huku safu ya mapigo iko tupu. Hilo linaniuma, kwa sababu kidole hakinunuliwi.

*Baba yangu ana miaka 77, moyo umeonekana unatetema. Kapewa aspirini ndogo kila siku. Inatosha? (Jang'ombe)*

Haitoshi. Hili nimelijibu mara nyingi, na bado aspirini inaandikwa kama vile ni dawa ya kila moyo. Uingereza walifanya utafiti wa BAFTA, matokeo yakatoka 2007: wazee 973 wa miaka 75 na zaidi, waliotoka kwa madaktari wa kawaida wa mitaani, nusu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nusu aspirini. Viharusi vya kuua au kulemaza, pamoja na mabonge na damu kuvuja kichwani, vilikuwa asilimia 1.8 kwa mwaka kwa warfarini na 3.8 kwa aspirini. Damu nyingi kutoka? Hawakupishana. Kwa hiyo ule usemi wa "mzee atavuja damu, tumpe aspirini" hauna pa kusimama. Kwa umri wake peke yake, baba anastahili kufikiriwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Rudi naye kwa daktari mkalizungumze, mafigo na damu yake vipimwe kwanza. Usimbadilishie dawa nyumbani.

*Natumia warfarini. Kweli nisile mchicha wala kisamvu? (Makunduchi)*

Kula, ila kiasi kisipishane sana wiki hadi wiki. Mimi mchicha haunitishi. Linalonitisha ni duka la dawa. Jino likiuma mtu ananunua diklofenaki, tumbo likimwendesha ananunua metronidazoli, na muuzaji haulizi. Nilimwona mzee mmoja, fizi zinachuruzika mpaka kola ya kanzu imegeuka rangi. Alikuwa na siku tano za metronidazoli aliyojinunulia. Kwa wengi wenu INR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na kila dawa mpya inaweza kuitoa hapo. Choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje asubuhi.

*Ramadhani nimeze vipi? (Wete)*

Warfarini baada ya futari, saa ile ile kila usiku. Za mara mbili kwa siku, futari na daku. Vidonge vya mkojo na vya kutuliza mapigo viulizie Shaabani, kabla mwezi haujaandama.

*Naweza kufanya hijama nikiwa kwenye dawa hizi?*

Hapana. Wala usiache dawa ili uifanye.

*Nina miaka 26, vali yangu moja ya moyo imekuwa nyembamba na moyo unatetema. Shangazi aliyeko Oman anasema kuna dawa mpya isiyotaka kupimwa damu. Naolewa karibuni. (Chake Chake)*

Hongera, mwanangu. Shangazi hajakosea, dawa hizo zipo na zinawafaa wengi. Kwa vali kama yako, hapana. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 uliwachukua wagonjwa kama wewe, wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na waliotumia rivaroksabani, moja ya dawa hizo mpya, walikufa zaidi ya waliokuwa kwenye dawa za jamii ya warfarini. Baki na warfarini yako na safari zako za kupima.

Ila ndoa ndiyo iliyonishtua. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Na mimba yenyewe inaongeza damu mwilini, vali nyembamba haiipitishi, mapafu yanajaa maji. Onana na daktari wa moyo kabla ya harusi, Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na mwende na huyo mchumba asikie mwenyewe. Mpaka hapo, kijiti cha kuzuia mimba kinakufaa. Vidonge vyenye estrojeni havikufai. Siku zikipita bila kuona damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiache warfarini kwa uamuzi wako.

Na nyinyi mama wengine: vali hizi nyingi zinaharibika kutokana na koo la utotoni lisilotibiwa. Mtoto akishikwa na koo na homa, mpelekeni.

*Mapigo yangu sasa yametulia. Niache dawa? (Mkoani)*

Usiache. Atenololi, dawa yako ya kutuliza mapigo, ndiyo iliyoyatuliza, na damu inaweza kuganda hata mapigo yakiwa 70.