Wafadhili watatu, kisima kimoja

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mashirika hapa Arusha, wafadhili wakiungana hawasumbui kwenye lengo. Wote wanataka watoto wanywe maji salama. Kazi ipo kwenye kuulizana, kabla mkataba haujasainiwa, nani atalipia kile ambacho hakuna anayependa kukilipia.

Kisima kimoja upande wa Meru, jirani na Maji ya Chai, ndicho kilichonifundisha. Mfadhili wa kwanza alilipia uchimbaji, wa pili pampu na tenki, wa tatu mabomba hadi shuleni. Kila mmoja na andiko lake, bajeti yake, bango lake. Kupima maji hakukuwa kwenye bajeti ya yeyote. Kila mmoja alidhani kuko kwa mwenzake. Mimi niliyasoma maandiko yote matatu na sikuuliza. Maji yalipotoka, vigelegele vilipigwa. Majibu ya maabara yakaja baadaye: madini ya floraidi yalipita mbali miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani.

Mliokulia miteremko ya Meru mnajua maana yake. Meno yanakuwa ya kahawia, na floraidi ikizidi sana hata mifupa inapinda. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Mama mmoja wa kamati ya maji alimleta binti yake mbele yangu akamwambia, "Mchekee mgeni." Mtoto akatabasamu huku ameziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kile sijakisahau hadi leo.

Ndipo tukawaweka wote watatu meza moja. Huku kwetu kuna njia ya kuchuja maji kwa chenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi. Lakini chenga huchoka. Lazima zibadilishwe, na maji yapimwe tena na tena, mwaka hadi mwaka. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya kupima maji! Tukakubaliana kila mmoja achangie mfuko mmoja kwa kazi hiyo tu.

Jambo jingine ni ripoti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai. Mfadhili mmoja alihesabu kuanzia Januari, mwingine Aprili, na mhasibu wetu alifunga hesabu zilezile mara tatu. Ombeni ripoti moja mapema, wakati bado wanawahitaji. Sisi tulichelewa, ikatugharimu vikao vinne.

Na vikao vifanyike kwa Kiswahili, mkalimani akae na wageni. Tulipokuwa tunazungumza Kiingereza yule mama hakufungua mdomo; tulipobadilisha, yeye ndiye aliyeuliza chenga zikichoka nani atajua. Wataalamu wote pale, hilo lilikuwa limetupita.

Mwisho, mkataba useme anayetaka kujitoa atoe taarifa muda gani kabla. Sisi tuliandika mwaka mzima, na mmoja alinung'unika kuwa ni mrefu. Huyohuyo ndiye aliyeondoka kwanza. Siku anaondoka, kamati ilikuwa imeshatenga kwa miezi kadhaa sehemu ya bei ya kila ndoo kwa ajili ya chenga mpya, na daftari la makusanyo anatunza yule mama.