Meneja Mpya, Mambo Yale Yale

Ukitaka kuujua utamaduni wa mahali pa kazi, usihangaike na maneno yaliyobandikwa ukutani. Uliza tu: mtu wa mwisho aliyeripoti kosa alifanywa nini?

Nimefanya kazi idara ya vyumba katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, na mameneja waliokuja na "uwazi" nimewaona. Mmoja alianzisha kikao cha asubuhi ili kila mtu aseme tatizo lake. Kimya. Akaamua kuwa Wazanzibari hatupendi kusema (angepita barazani baada ya Alasiri!). Kumbe kabla hajaja, dobi mmoja aliripoti mashine iliyoharibika, akakatwa mshahara yeye. Kila mfanyakazi mpya husimuliwa kisa hicho ndani ya gari ya wafanyakazi, hata sare hajapewa. Funika kombe mwanaharamu apite: hiyo ndiyo kanuni yenyewe, na haikuandikwa popote.

Edgar Schein, aliyefundisha chuo cha MIT Marekani, alitenga ngazi tatu za utamaduni wa kazini: yanayoonekana, yanayotangazwa, na yanayoaminiwa bila kusemwa. Mameneja hushughulika na mbili za mwanzo, kwani fulana na mabango hayachukui hata wiki. Ile ya tatu inalinda mishahara ya watu. Nani atakubali kuiacha bila kupewa kinga nyingine?

Halafu kuna masika. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na baadhi ya mameneja huondokea hapo. Wakongwe wanalijua hilo. Humwitikia bosi "sawa", wakamsubiri aende zake, na mara nyingi hesabu yao hutoka sawasawa.

Kwa hiyo ukipewa uongozi, msimu wa kwanza usitangaze kitu. Kula na wafanyakazi, sikiliza visa vyao. Kisha chagua jambo moja, tuseme vyombo vinavyovunjika: atakayeripoti hakatwi. Ila kubaliana kwanza na mhasibu na mwenye hoteli, tena kwa maandishi, kwa sababu makato yakitokea mwisho wa mwezi hutaaminiwa tena. Mwombe mkongwe anayeheshimika awe wa mwanzo kusema "nimevunja mimi". Mshahara wake ukiingia kamili, habari itafika kwenye ile gari kabla yako. Mwenye hoteli akikataa, usiahidi chochote.