Kituo chako cha hali ya hewa kikinyamaza, utajuaje kama ni salama?

Ukishafunga kipimajoto na kipimamvua kwenye mlingoti, ukaunganisha na Raspberry Pi (kompyuta ndogo), ukaona grafu za kwanza zinachorwa na WeeWX, programu ya kituo cha hali ya hewa, furaha yake haielezeki. Tatizo la grafu ni kwamba hakuna anayeziangalia usiku. Na kwetu Njombe, mwezi Juni na Julai, usiku ndiyo wakati wenyewe. Jalidi, ile baridi inayogandisha umande, hainyeshi na haipigi ngurumo. Unaamka asubuhi unakuta majani ya viazi yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Kwa hiyo kituo lazima kikuamshe. Mimi natumia barua pepe. Wengi huniuliza kwa nini si WhatsApp, na jibu langu ni fupi: barua pepe haimilikiwi na kampuni moja. WeeWX inakuja na mfano tayari wa programu ya kuituma, kila simu inaipokea, na mwakani nikitaka kuona ni usiku gani wa Julai ulikuwa na baridi, barua zote zipo zimejipanga kwa tarehe.

Kabla ya kugusa faili lolote, jiulize swali hili: siku nzima nisipopata ujumbe, nitaamini nini? Mlinzi wa usiku asiyepiga filimbi anaweza kuwa ameona eneo ni shwari, na anaweza kuwa amelala. Mipangilio yote ninayoieleza hapa inahusu kutofautisha hali hizo mbili.

Tuanze na kizingiti, yaani kipimo ambacho kikifikiwa ujumbe unatumwa, maana hapo ndipo kimya cha uongo huzaliwa. Mfano uitwao alarm.py unawekwa kwenye folda ya user, huduma ya user.alarm.MyAlarm inaongezwa kwenye orodha ya report_services, kisha ndani ya weewx.conf, faili la mipangilio, unaandika sehemu ya [Alarm]. Mstari muhimu kuliko yote ni expression, ambao ndio sharti la kutuma barua. Sasa angalia: usipobadilisha chochote, WeeWX huhifadhi data kwa vipimo vya Kimarekani, yaani Farenhaiti na inchi, hata kama grafu zako zinaonyesha Selsiasi. Sharti linasoma data iliyohifadhiwa, halisomi grafu. Humo joto la nje linaitwa outTemp. Ukiandika outTemp < 4 ukidhani ni nyuzi 4 za Selsiasi, umeiambia programu isubiri karibu nyuzi 16 chini ya sifuri. Njombe haitafika huko, nawe utalala usingizi mzuri huku miche inaungua. Nyuzi 4 za Selsiasi ni 39.2 za Farenhaiti, na mstari wangu unasomeka hivi:

expression = "outTemp is not None and outTemp < 39.2"

Kile kipande cha is not None kimewekwa kwa sababu kihisi cha nje kikipoteza mawasiliano, thamani inakuwa tupu, na Python, lugha iliyoandikiwa programu hii, haiwezi kulinganisha utupu na namba. Ukitaka data ihifadhiwe kwa Selsiasi na milimita, amua mwanzoni kabisa, kabla hujaanza kukusanya. Kubadilisha katikati kunaleta kazi ambayo simtakii mtu.

Na kwa nini 4, si sifuri? Kipimajoto kipo kama mita 2 juu ya ardhi. Usiku wa anga jeupe lisilo na upepo, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa iliyo karibu na udongo huwa baridi kuliko ile ya juu kwa nyuzi kadhaa. Kipimajoto kinaweza kusoma 3 wakati majani ya chini yameshashika barafu. Halafu kuna muda wa kutenda. Ujumbe wa saa tano usiku unamsaidia mtu kufunika kitalu. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri ni taarifa ya msiba.

Mvua inahitaji akili tofauti. Vipimamvua vingi vya nyumbani vina kikombe kidogo kinachopinduka kila baada ya milimita 0.2 hivi. Upepo ukitikisa mlingoti, au buibui akihamia ndani, kikombe hupinduka bila tone la mvua. Ukiweka sharti la rain > 0, utaletewa barua na buibui. Tumia rainRate, yaani kasi ya mvua, weka kiwango cha mvua kubwa kweli, na ukumbuke kwamba hapo tena ni inchi kwa saa: inchi 1 ni milimita 25.4.

Kuna pia time_wait, muda wa kusubiri kabla ya kurudia ujumbe uleule. Mfano unakuja na sekunde 3600. Kwa baridi mimi nimeweka 21600, saa sita nzima. Ujumbe mmoja kwa usiku unatosha. Ukipata sita, kufikia wiki ya pili utakuwa umeizima sauti ya simu, na hapo kituo chako kimerudi kuwa pambo.

Sasa utumaji wenyewe, ambao watu huuogopa bure. Usijaribu kutuma barua moja kwa moja kutoka Raspberry Pi kwenda kwa mpokeaji. Kampuni nyingi za intaneti hufunga poti 25, mlango ambao seva hupokezana barua, kwa wateja wa nyumbani, na hata ikipenya, barua kutoka kwenye anwani ya intaneti ya nyumbani huishia kwenye barua taka. Tumia seva ya mtoa huduma wa barua pepe, kwa poti 587 yenye STARTTLS (njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani) au 465. Kama ni Gmail, nenosiri lako la kawaida halitafanya kazi. Njia hiyo Google walianza kuifunga Mei 2022. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16. Anwani ya from, yaani ya mtumaji, iwe ileile ya akaunti unayoingilia. Ukiandika anwani ya kubuni, seva ya mpokeaji itaona jina halilingani na mtumaji, na itaitilia shaka.

Fungua akaunti maalumu kwa ajili ya kituo tu. Nenosiri linakaa wazi ndani ya weewx.conf, na nimeshaona watu wakibandika faili zima kwenye makundi ya Telegram wakiomba msaada, nenosiri likiwemo. Likiwa la akaunti ya kituo, unalifuta tu na kutengeneza jingine. Likiwa la akaunti yenye barua zako za benki, Mungu akusaidie.

Alarm.py ikishindwa kutuma, inaandika kosa kwenye kumbukumbu ya mfumo na kuendelea na shughuli zake. Haijaribu tena. Na intaneti hupenda kukatika wakati uleule wa dhoruba. Ndiyo maana napendekeza Postfix, programu ya kusafirisha barua, iwekwe kwenye Pi hiyohiyo kama kituo cha kupitishia: WeeWX inaikabidhi barua kwa localhost, yaani Pi yenyewe, Postfix inaipeleka kwa mtoa huduma, na mtandao ukiwa haupo inaishika na kujaribu tena. Kwa kawaida Postfix huishika barua hadi siku 5, na hilo halitufai. Tahadhari ya jalidi ya juzi ni kelele tu. Weka maximal_queue_lifetime = 6h.

Umeme ukikatika na kurudi, kuna jambo jingine. Raspberry Pi nyingi hazina saa inayotembea zikiwa zimezimwa. Toleo la 5 linayo, ila betri yake unanunua mwenyewe. Mashine ikiwaka kabla rauta haijapata mtandao, inadhani bado ni muda ule umeme ulipokatika, na ujumbe unakufikia ukisema saa ya zamani. Saa ndogo ya kuchomeka ni bei nafuu. Na usisahau kuweka ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam, maana mfumo ukiachwa kama ulivyo hufuata saa ya London.

Baada ya hayo, jaribu. Simaanishi kutuma barua ya "habari" kwa mkono. Badilisha kizingiti kiwe kitu ambacho lazima kitimie, kama outTemp < 200, washa upya WeeWX, subiri dakika tano za rekodi inayofuata. Barua ikija, umepima mnyororo mzima kuanzia kihisi hadi mfukoni mwako. Kisha rudisha namba ya kweli.

Linabaki swali la kimya. Kituo kilichokufa hakiwezi kukutumia barua ya kusema kimekufa, kwa hiyo taarifa hiyo lazima itoke nje ya nyumba yako. Kuna huduma kama Healthchecks.io: Pi inaigonga kila baada ya muda mfupi, na isipogongwa, yenyewe ndiyo inakutumia barua. Jambo la kuzingatia: hati (programu ndogo) inayogonga iangalie kwanza kama rekodi ya mwisho ya WeeWX ni mpya. Pi inaweza kuwa hai wakati kihisi cha nje kimeishiwa betri zamani. Kwa betri, WeeWX ina mfano mwingine, lowBattery.py, ambao husubiri onyo lijirudie mara kadhaa kabla ya kutuma. Subira hiyo ni ya maana, kwa sababu betri za kawaida hulegea kwenye baridi ya alfajiri na jua likitoka zinaonekana nzima. Mlingotini naweka za lithiamu.

Halafu mpe ujumbe mtu atakayeinuka kitandani. Jirani yangu mwenye kitalu cha parachichi hana habari na barua pepe, na simlazimishi. Simu yangu inalia mlio ambao nimeitengea anwani ya kituo peke yake, nampigia: "Shikamoo baba, imeshuka nne." "Marahaba mwanangu, nafunika." Bando likiisha usiku huo, mpango wote umelala, kwa hiyo kwenye mailto, mstari wa anwani za wapokeaji, niliongeza ya mdogo wangu anayelala na simu kwenye Wi-Fi. Anwani unazitenganisha kwa mkato tu.