Re: Maripota na watu wa PR mbona hawapikiki chungu kimoja?

Mleta mada ameuliza kama ni kweli ripota humwona mtu wa PR, yaani wa mahusiano ya umma, ni muongo wa kulipwa, na PR naye humwona ripota ni mtu wa kungoja bahasha ya pesa. Mimi nimekaa pande zote mbili hapa Mombasa, kwanza korespondenti wa redio, saa hii niko ofisi ya mawasiliano ya kampuni moja huko Shimanzi.

Dharau ipo, tena kubwa. Ukiwa redioni unaletewa pres rilis, yaani taarifa ya kampuni kwa vyombo vya habari, aya ya kwanza yote ni majina ya mabosi na vyeo vyao, ya pili ati "tumejitolea kutoa huduma bora", habari yenyewe, yaani barabara inafungwa lini, imefukiwa huko aya ya tano, na ile namba ya simu ya mwisho ukipiga haishikwi na buletini ni saa saba. Utampendaje mtu huyo?

Lakini huku kwa PR nako nimeona rilis ikitoka mezani fupi safi, ikapita kwa meneja, kwa mwanasheria, kwa mkurugenzi, kila mmoja akaongeza lake, ikarudi haitambuliki. Ripota akiisoma anasema huyu hajui habari ni nini, na hilo ndo huniuma, kwa sababu tunajua. Kuna utafiti wa Florida, Marekani, ulichapishwa 1984, wahariri na watu wa PR walipanga vigezo vya habari wakalingana karibu sawa, ila wahariri walidhani wale wa PR watapanga kinyume. Na Ivy Lee, mmoja wa walioianzisha kazi hii ya PR, alikuwa ripota wa magazeti huko New York!

Bahasha sasa. Korespondenti wengi hulipwa kwa stori iliyotoka tu, nauli ya Kisauni mpaka Likoni ni mfukoni mwake. Halafu PR anamtilia "nauli" mkononi na kesho anamsema kwa wenzake ana njaa. Hiyo ni dhulma wallahi. Ripota asipokee, sawa, na wewe usitoe, mpe habari kamili mapema na ushike simu hata kama jibu ni "bado sijathibitisha, nipe saa moja".

Kwa hivyo mleta mada, kama unaenda intavyu ya PR, kabla ya kuuliza mshahara uliza rilis inapita mikononi mwa watu wangapi, na saa mbili usiku kukiwa na ajali nani ana ruhusa ya kuongea.